Maporomoko ya Karura kwa miguu au kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kwenda na kurudi

Maporomoko ya maji ya Msitu wa Karura yako bondeni, na malango ya msitu yako juu kwenye mgongo wa kilima. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuweka akilini unapopanga siku yako. Ukienda unateremka: miguu ni mepesi, chupa imejaa, watoto wanakimbia mbele. Ukirudi unapanda, jua limekaza na nguvu zimepungua. Wanaochoka vibaya, wanaokutwa na giza msituni na wanaoanguka na baiskeli kwa uchovu, wengi wao walifika kwenye maji salama salimini. Walichokosea ni hesabu ya kurudi. Ndiyo maana hapa tunapanga safari kuanzia kwenye maji, kisha tunarudi nyuma hadi saa ya kutoka nyumbani.

Msitu wenyewe

Karura uko kaskazini mwa Nairobi, kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, na una zaidi ya hekta 1,000. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Unasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) pamoja na chama cha jamii kiitwacho Friends of Karura Forest. Kwamba bado upo ni matokeo ya mapambano. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili vijengwe nyumba. Wangari Maathai na wenzake walisimama kupinga, na tarehe 8 Januari 1999 walipigwa walipokwenda kupanda miti hapo. Miaka mitano baadaye, 2004, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Bila wao, kijia unachokanyaga leo kingekuwa ukuta wa mtaa wa kifahari.

Ndani yake kuna miti ya asili kama muhugu, mukinduri na muthiga, pamoja na mashamba ya mikalitusi ambayo yanaondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi. Mito kadhaa inaukata msitu. Ule unaotuhusu ni Mto Karura, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Kiambu na kudondoka kama mita 15 kutoka kwenye ukingo wa mwamba. Kwa kipimo cha Kenya hayo si marefu. Maporomoko ya Karuru kule Aberdare hushuka zaidi ya mita 270 kwa ngazi tatu. Uzuri wa Karura ni kwamba mtu wa Nairobi huyafikia kwa matatu, na anayejifunza kutembea msituni au kuendesha baiskeli kwenye udongo hupata uwanja mzuri wa kuanzia.

Kuchagua siku

Mvua iliyonyesha Limuru jana usiku ndiyo maji unayoyaona Karura leo. Kwa hiyo usitazame anga ya mahali ulipo pekee. Tazama mvua ya siku mbili zilizopita huko juu mto unakotoka.

Siku nzuri kuliko zote ni ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa. Maji bado ni mengi, sauti yake unaisikia kabla ya kuyaona, na njia zimeanza kukauka. Siku yenyewe ya mvua ni mbaya kwa sababu tatu: udongo mwekundu wa Karura huteleza kama sabuni, ngazi za kushukia kwenye maporomoko hulowa, na mto unaweza kupanda ghafla. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, na tena Oktoba hadi Desemba, wakati wa vuli, nenda asubuhi, maana mvua nyingi za Nairobi hupiga alasiri na usiku. Januari na Februari njia ni kavu na nzuri kwa baiskeli, ila maji hupungua. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu. Wapiga picha huupenda msimu huo kwa sababu mwanga ni laini na maji hayang'ai kupita kiasi.

Epuka Jumapili mchana kama unakwenda na baiskeli. Njia hujaa familia, mbwa na watoto wadogo, nawe utashinda ukifunga breki. Siku za wiki, au Jumamosi mapema, ndizo za mwendesha baiskeli.

Hesabu ya saa

Chukua mfano wa familia inayotembea kwa miguu kutoka lango la Barabara ya Limuru. Mzunguko wa kupitia mapango hadi kwenye maporomoko na kurudi ni kati ya kilomita saba na kumi, kutegemea vijia utakavyochagua. Hesabu kinyumenyume:

Unataka uwe umetoka msituni saa kumi na moja jioni. Ondoa saa moja ya akiba. Basi mpango wako ni kufika langoni saa kumi. Kupanda kutoka kwenye maji pamoja na watoto ni saa moja na nusu. Basi unaondoka kwenye maporomoko saa nane na nusu. Pale utakaa dakika 45. Basi unafika saa nane kasorobo. Kuteremka ni saa moja na robo, na kwenye mapango ni nusu saa. Umefika saa sita mchana, na hiyo ndiyo saa ya mwisho kabisa ya kuanza. Ukifika langoni saa saba, acha maporomoko kwa siku nyingine na utembee karibu. Ukianza saa tatu asubuhi, una nafasi ya kutosha.

Mtu mzima mzoefu asiye na watoto huenda na kurudi kwa saa mbili na nusu hivi. Mwendesha baiskeli huhesabu mwendo wa kilomita 10 kwa saa, akijumlisha kusimama na kusukuma. Kanuni yetu kwa kila mtu: kurudi huchukua karibu mara moja na robo hadi mara moja na nusu ya muda wa kwenda. Na akiba ya saa moja usiile. Hiyo ni ya pancha, kifundo kilichoteguka au mvua.

Jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, lakini chini ya miti bondeni giza hutangulia. Malango nayo yana saa za kufunga, zimebandikwa kwenye kibao. Zisome unapoingia.

Kufika na kulipa

Lango kuu liko Barabara ya Limuru, mkabala na ubalozi wa Ubelgiji. Matatu za Ruaka, Banana na Ndenderu hupita hapo. Mwambie kondakta akushushe Karura. Upande wa Barabara ya Kiambu kuna lango karibu na Sharks Palace, na magari ya Kiambu ndiyo ya kupanda. Ukija na gari lako, hesabu na ada ya maegesho.

Fedha taslimu hazipokelewi. Hakikisha simu ina chaji na salio la kulipia, na beba kitambulisho, kwa kuwa raia, wakazi na wageni hulipa viwango tofauti na mtoto hulipa pungufu. Viwango hubadilika, hivyo viangalie siku moja kabla. Baiskeli zinakodishwa ndani ya msitu. Wikendi huisha mapema, na zilizobaki baada ya saa nne ndizo ambazo wengine wamezikataa.

Kabla ya kuliacha lango, fanya mambo mawili. Piga picha ramani iliyopo kwenye kibao. Halafu hifadhi kwenye simu namba ya dharura ya msitu iliyoandikwa hapo.

Mzigo

Mtu mzima anayetembea abebe lita moja na nusu ya maji. Wa baiskeli, lita mbili. Mtoto, nusu lita hadi lita moja. Nusu ya maji hayo iwe bado imo kwenye chupa unapoondoka kwenye maporomoko, kwa sababu kazi ngumu iko mbele yako. Chupa iwe ya chuma au ya kutumika tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa Kenya, na mikoba hukaguliwa.

Viatu viwe na soli yenye meno. Raba laini ya mjini ndiyo inayoangusha watu kwenye ngazi. Vaa suruali ndefu na soksi ndefu, na ubebe koti jepesi la mvua hata kama kumekucha kweupe. Chakula kikae kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya begi lenye zipu. Sababu utaiona mbele. Ongeza bandeji ya kunyumbulika yenye upana wa sentimita 7 hadi 10, plasta, dawa ya kusafishia jeraha, tochi na filimbi. Filimbi husikika mbali kuliko sauti ya mtu, na alama ya kuomba msaada ni milio mitatu, kimya, kisha mitatu tena.

Wa baiskeli aongeze helmeti, tyubu moja ya akiba, vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, viraka na gundi, pamoja na ufunguo wa Allen (wa pembe sita) wa milimita 5 na wa 6.

Kuikagua baiskeli ya kukodi

Hapa usione haya kuchukua dakika tano mbele ya mwenye baiskeli. Mteremko wa kwenda mtoni hauna huruma kwa breki mbovu.

Anza na breki. Simama kando ya baiskeli, finya breki ya mbele, uisukume mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Finya ya nyuma uisukume tena: gurudumu lisizunguke, liburuzike. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, waya umelegea. Mwambie fundi aukaze au ubadili baiskeli. Kisha jua ni mkono upi wa breki ipi. Baiskeli nyingi Kenya zina breki ya mbele mkono wa kulia, ila zilizoagizwa kutoka nchi nyingine huwa kinyume. Mtu aliyezoea upande mmoja akakodi ya upande wa pili hufunga ya mbele ghafla kwenye kokoto na kuruka juu ya usukani.

Halafu magurudumu. Inua kila moja ulizungushe. Likiyumba hadi kugusa kibao cha breki, rimu imepinda. Shika gurudumu kwa juu ulitikise kushoto na kulia; likicheza na kugonga, beringi zimelegea. Wenzo wa kukazia gurudumu uwe umefungwa kabisa, uwe mgumu kiasi cha kuacha alama kiganjani unapoufunga.

Upepo wa tairi ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Baiskeli za kukodi hujazwa hadi tairi inakuwa kama jiwe, maana mwenye kukodisha anaogopa pancha. Tairi ngumu hudunda kwenye mizizi na huteleza kwenye kona. Kwa tairi pana ya inchi 2 na mtu wa kilo 60 hadi 80, PSI 28 hadi 35 zatosha. Huna kipimo? Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: tairi ibonyee kiasi cha milimita chache. Isipobonyea kabisa, toa upepo kidogo kidogo kwenye valvu. Ikibonyea hadi ukahisi rimu, jaza, la sivyo tyubu itabanwa kwenye jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba.

Kiti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Hicho ndicho kimo cha kupandia mlima. Kwa anayeanza, kishushe sentimita nne au tano kwa ajili ya mteremko wa kwenda, ukipandishe tena wakati wa kurudi. Mwisho, zungusha pedali huku ukibadili gia zote. Cheni ikiruka meno ukiwa umesimama, itaruka zaidi ukiwa mlimani.

Njiani

Njiapanda za Karura zina vigingi vyenye namba, na namba hizo zimo kwenye ramani. Kila unapopita kigingi, itaje namba kwa sauti. Ukipotea au mwenzako akiumia, ukamwambia askari wa msitu “tuko kati ya kigingi namba hii na namba hii, kuelekea mtoni”, atakufikia haraka. Ukisema “tuko kwenye miti mingi karibu na mto”, atakutafuta hadi usiku.

Vijia vingine ni vya waenda kwa miguu pekee, hasa vilivyo karibu na mto. Penye alama ya kukataza baiskeli, tii. Ukingo wa mto ni mwembamba, udongo wake hubomoka kwa matairi, na mtu anayetembea hana pa kukukwepea. Shuka, ufunge baiskeli, uende kwa miguu. Beba kufuli.

Kwenye njia pana, kaa kushoto. Anayetembea ana haki ya kwanza, na anayepanda hupishwa na anayeteremka. Ukitaka kumpita mtu, punguza mwendo ukiwa bado mita 15 nyuma yake, piga kengele au sema, “Samahani, napita kulia.” Kwa mtoto au mbwa, simama kabisa hadi mzazi au mwenye mbwa amshike.

Kuteremka kwenye kokoto na udongo mwekundu kuna utaratibu wake. Pedali zote mbili ziwe sawa kwa kimo, moja mbele na moja nyuma, uinuke kidogo kwenye kiti na urudishe makalio nyuma. Viwiko vikunjike. Kila breki ifinye kwa kidole kimoja au viwili, taratibu, na ufunge zote mbili kwa pamoja. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ndani ya kona achia breki. Gurudumu lililofungwa halipindi, linateleza tu. Macho yawe mita kumi mbele, pale unapotaka kwenda. Ukilikodolea macho jiwe, utaligonga.

Mapangoni

Karibu na mto, kabla ya maporomoko ukitokea upande wa Limuru, kuna mapango yanayojulikana kama mapango ya Mau Mau, ambamo wapigania uhuru walijificha miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari. Ingia na tochi, inamisha kichwa, na usiguse popo. Usiende ndani zaidi ya pale mwanga wa mlangoni unapokoma kama hukuongozana na mtu anayepajua. Sakafu huwa na tope hata wakati wa kiangazi. Watu walilala humo wakiwindwa. Zungumza kwa sauti ya chini.

Kwenye maji

Ngazi za kushukia ndizo mahali pa hatari kuliko pote katika safari hii, na hapo ndipo watu hukimbia kwa furaha. Shuka kwa upande mguu unapoteleza, shika mwega kama upo, na mkono mmoja wa mtoto uwe mkononi mwako. Gari la kusukumia mtoto liache juu.

Ukifika chini, kabla ya kutoa simu, usome mto. Tafuta jiwe lililo ukingoni, nusu kavu nusu ndani ya maji. Tazama mstari wa maji unapoishia juu yake, kisha chomeka kijiti kwenye tope sawasawa na mstari huo. Endelea na mambo yako. Baada ya dakika kumi rudi ukitazame. Maji yakiwa yamepanda upana wa vidole viwili, kusanya watu wako mpande ngazi mara moja, hata kama jua linawaka. Mvua iko huko juu maji yanakotoka, na maji yake yanakuja. Kuna dalili nyingine za kuandamana na hiyo: maji kugeuka kutoka rangi ya chai ya maziwa kuwa rangi ya matofali, majani na vijiti vipya kuanza kuelea, na mngurumo kuwa mzito. Mbili kati ya hizo zikitokea pamoja, usisubiri kijiti.

Mwamba mweusi unaong'aa una utelezi wa mwani; usiukanyage hata kwa kiatu kizuri. Mwamba wa kijivu uliochakaa na kukauka ndio wa kusimamia. Usisimame chini ya maji yanayodondoka, kwani mto hubeba mawe na magogo na yote hutua hapo hapo. Na usiende kabisa juu ya ukingo wa maporomoko kutafuta picha: mwamba wa pale umelambwa na maji miaka na miaka hadi ukawa laini kama kioo, na chini yake ni mita 15.

Maji haya si ya kuoga wala ya kunywa, na hata kuyachemsha au kuyawekea dawa hakutoshi. Mto hupita mashambani na kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni, na hubeba taka za huko. Kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi kemikali. Ukiwa na kidonda mguuni, usikiloweshe.

Picha: pangusa lenzi kila baada ya dakika chache, maana mvuke wa maporomoko huifunika bila wewe kuona. Ukitaka maji yaonekane kama pazia, weka kamera juu ya jiwe au mguu wa kamera, na muda wa kufungua lenzi uwe kati ya robo sekunde na sekunde moja. Ukitaka matone yagande hewani, uwe 1/500 ya sekunde au mfupi zaidi. Upigaji picha wa biashara unahitaji kibali cha KFS, na droni hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Kupanda kurudi

Kula kidogo kabla ya kuanza: ndizi moja, au viazi vitamu viwili. Kunywa. Kisha anza polepole kuliko unavyojisikia. Kipimo ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha mwendo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam jana ataliona jambo hilo kifuani mwake hapa hapa.

Kwa baiskeli, pandisha kiti na uingie gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Ukibadili gia ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote, cheni hujikunja au hukatika. Kaa kitini, inamia mbele kidogo. Ukisimama kwenye udongo uliolegea, gurudumu la nyuma huzunguka bure. Kushuka na kusukuma ni sehemu ya safari, fanya hivyo mapema kabla miguu haijakaza.

Yanayoharibika

*Pancha.* Geuza baiskeli juu chini na utoe gurudumu. Ingiza kijiko cha kwanza chini ya ukingo wa tairi, upande ulio mbali na valvu, ukikaze kwenye spoki. Ingiza cha pili sentimita kumi mbele na ukitelezeshe kuzunguka. Toa tyubu. Kabla ya kuweka nyingine, pitisha vidole polepole ndani ya tairi nzima. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, na usipoung'oa utatoboa tyubu mpya kabla ya kigingi kinachofuata. Ukiziba badala ya kubadili: paruza kwa msasa hadi ng'aro iondoke, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, subiri dakika tatu hadi tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Wanaobandika gundi ikiwa mbichi hurudia kazi. Tia upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuirudisha ili isijikunje, na umalizie tairi penye valvu kwa kidole gumba, si kwa kijiko.

*Tope.* Udongo wa Karura ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Usilazimishe pedali, utavunja kishikio cha gia cha nyuma. Toa tope kwa kijiti, na utembee pembeni penye majani makavu.

*Siafu.* Ukiona mstari mweusi unaokatiza njia, ruka kwa hatua ndefu na usisimame hadi umeuacha mbali. Suruali iwe ndani ya soksi. Wakishakupanda, sogea kwanza mita kumi, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Anayesimama palepale kuwang'oa anapandwa na wengine.

*Thabai.* Ndilo jina la Kikuyu la mmea wenye majani ya kuwasha unaopenda unyevu karibu na mto. Usijikune. Mwagia maji ya chupa, kisha bandika na kubandua plasta ili kutoa vinyweleo.

*Kima.* Msituni kuna mbega wa rangi nyeusi na nyeupe walioletwa kutoka Kipipiri, nao hukaa juu ya miti. Kima ndiye anayeshuka hadi kwenye begi lako. Usimpe chakula hata kipande, usimwonyeshe meno, na akishika kitu usivutane naye. Kima aliyezoea mkate wa watu humuuma mtoto wa mgeni anayefuata.

*Kifundo kilichoteguka.* Usivue kiatu mara moja ikiwa mtu anaweza kutembea, kwa sababu mguu ukivimba hakitaingia tena. Kaza kamba za kiatu na umkatie fimbo kutoka tawi lililokwisha anguka. Akishindwa kukanyaga hatua nne, au mfupa ukiuma sana unapobonyeza juu ya kifundo, msimwinue. Pigeni namba ya msitu mtaje kigingi. Namba za dharura za nchi ni 999 na 112.

Mkishafika nyumbani

Tope la Karura likikauka kwenye cheni husaga vyuma kama msasa, kwa hiyo ukiwa na baiskeli yako ioshe jioni hiyo hiyo kwa maji ya ndoo na brashi. Maji ya mashine ya kuoshea magari huingia kwenye beringi na kufukuza grisi. Kausha cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha pedali mara ishirini, kisha pangusa yote yaliyobaki nje. Viatu vijaze magazeti uviweke kivulini, na magazeti uyabadilishe kabla ya kulala.